Tusiyachome Maboksi Makuukuu Kabla ya Kuyasoma

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukitaka kuushuhudia ukweli wa msemo huo, msomaji mpendwa, mtazame mtu anayehama nyumba. Runinga aliyoinunua juzi huizungushia blanketi kana kwamba ni mtoto mchanga. Lakini karatasi, madaftari na maboksi yaliyokaa naye kwa miaka thelathini huyasukuma uani kwa ncha ya kiatu, kisha akaitisha kiberiti.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa aliyetutoka mwaka jana, kufungasha vyombo. Anaiacha nyumba ya kupanga mjini na kurudi mashambani, katika nyumba ya vyumba viwili. Marehemu kaka alikuwa mwalimu wa sayansi tangu miaka ya mwisho ya sitini hadi alipostaafu. Juu ya kabati la chumba chake cha kulala tulikuta maboksi 11 ya kadibodi, yamepangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwa kamba ya katani. Vumbi lilikuwa limetanda juu yake kama unga. Pembe zilikuwa zimechanika, rangi zimepauka, na utepe wa gundi uliotumiwa kuyaziba ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya mkandaa. Mende walikuwa wamekula sehemu yao.

Yalikuwa maboksi ya seti za kuundia ndege na meli ndogo za plastiki. Vijana wa leo huenda wasizijue seti hizo. Ulikuwa ukinunua boksi lenye picha ya kupendeza juu ya kifuniko, na ndani yake ukakuta vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu kama maembe kwenye matawi. Ulivikata kimoja kimoja kwa wembe, ukavisugua kwa msasa, ukaviunganisha kwa gundi kwa kufuata maelezo yaliyochorwa, ukapaka rangi, kisha ukabandika nembo zilizoloweshwa maji. Ulikuwa uraibu wa subira. Mwenye papara aliishia na ndege yenye mbawa zilizopinda na alama za vidole vyake mwenyewe kwenye kioo cha rubani.

Lakini maboksi haya hayakuwa na ndege wala meli. Yalikuwa matupu. Mjukuu wa marehemu, mwanafunzi wa shule ya upili, aliyafungua yote, akayakung'uta na kuniambia, "Babu, haya ni takataka. Ndani hamna kitu. Nikayachome pamoja na majani ya uani?"

Shemeji hakumjibu. Alinigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, wewe pia ni mwalimu, na hivi vilikuwa vitu vya ndugu yako. Amua wewe. Lakini ujue kwamba ninakokwenda sina pa kuviweka."

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, nimeusahihisha mtihani wa insha ambao mada yake ilikuwa umuhimu wa kuhifadhi turathi zetu, na nimewatunuku alama wanafunzi walioandika kwa ufasaha kwamba mkosa mila ni mtumwa. Siku nilipoulizwa niamue hatima ya maboksi 11 yenye harufu ya mende, ufasaha wote huo haukunifaa kitu. Niliomba muda wa juma moja, nikayatia kwenye gari, nikaenda nayo kwangu. Nayaandika haya kwa kuwa naamini kwamba mtihani ulionikuta ndio unaomkuta kila mwalimu anayefungua stoo ya shule na kila mwanafunzi anayeambiwa asafishe chumba cha babu yake.

Kwanza, haki itendeke: mjukuu wangu hakusema upuuzi. Hoja zake zilikuwa tatu, na kila moja ina uzito. Alisema kwamba boksi ni ganda tu, na mtu akishakula ndizi hatunzi maganda. Alisema kwamba maboksi huleta mende, panya na mchwa, nasi tunaishi katika vyumba vidogo. Tena alisema kwamba hata kama kuna watu wanaonunua vitu vya kale vya aina hii, wao hutafuta seti nzima ambayo haijaundwa, iliyomo ndani ya boksi safi. Boksi tupu lililoraruka mara nyingi halina bei ya maana. Kwa hoja hii ya mwisho sina la kubisha. Aliye na boksi kama hilo na anayetarajia kutajirika kwalo, heri apande mahindi.

Hata hivyo, nilipoketi na kuyafuta vumbi, niligundua kwamba hoja ya ganda la ndizi ina kasoro moja kubwa. Ganda la ndizi haliambii mtu jambo ambalo ndizi yenyewe haijui. Boksi la seti ya ndege humwambia.

Chukua mfano wa Airfix, kampuni ya Uingereza ambayo maboksi mengi ya kaka yalikuwa yake. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mtu mwenye asili ya Hungaria. Mwaka 1952 ilitoa meli ndogo ya plastiki ya Golden Hind, ikauzwa katika maduka ya Woolworths ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kipande cha karatasi juu. Baadaye yakaja maboksi, na mwaka 1964 mchoraji Roy Cross akaanza kuyachorea kampuni hiyo picha za vifuniko ambazo ziliwafanya watoto wa nchi nyingi wasimame mbele ya madirisha ya maduka wakiwa wameachama. Mwaka 1981 kampuni ilianguka kifedha. Jina lake na kalibu zake zikapita katika mikono ya wengine, hadi zilipochukuliwa na kampuni ya Hornby mwaka 2006.

Sasa zingatia jambo hili. Kalibu ya chuma inayotumiwa kutengenezea vipande vya plastiki ni ya gharama kubwa, na ikishatengenezwa hutumika kwa miaka mingi. Ndege iliyotoka katika kalibu miaka ya sitini na ile iliyotoka katika kalibu iyo hiyo miaka ishirini baadaye huweza kuwa pacha kiasi kwamba fundi mwenyewe asizitofautishe. Kilichobadilika ni boksi: nembo ya kampuni, jina la mwenye mali, bei, lugha za maelezo, na picha. Hata picha zenyewe hazikuachwa zilivyokuwa. Katika matoleo ya baadaye, baadhi ya michoro ya ndege za kivita ilirekebishwa, mabomu yanayoanguka na moto wa milipuko ukafutwa, ndege ikabaki peke yake angani kana kwamba ilikuwa imekwenda kutembea tu. Mwanafunzi wa historia anayetaka kujua jinsi jamii moja ilivyobadilisha mawazo yake kuhusu kumwonyesha mtoto vita hatalipata jibu katika plastiki. Atalipata katika kadibodi.

Kwa hiyo nilianza kuyatazama maboksi yale kama anavyoyatazama mwalimu madaftari ya wanafunzi. Sikuangalia tena usafi. Niliangalia yaliyoandikwa.

Mengi hayakuwa na neno. Moja lilikuwa limeliwa nusu. Mawili yalikuwa ya aina moja ya Spitfire, yenye picha ile ile. Moja lilikuwa limelowa zamani na kushikamana, halikuweza kufunguliwa bila kupasuka. Lakini la tisa lilinifanya nivue miwani, niifute na kuivaa tena.

Lilikuwa boksi la ndege ya abiria aina ya VC10, kwa kipimo cha moja kwa 144, yenye nembo za shirika la Uingereza la BOAC. Kifuniko kilikuwa kimechanika pembe zote nne, kikashonwa kwa uzi mweupe kama shati. Kwa ndani ya kifuniko hicho kaka yangu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa ule mwandiko wake ulioinama kulia. Juu kabisa alikuwa amelikata jina la BOAC kwa mstari mmoja na kuandika chini yake: EAA.

Walimu na wanafunzi wenye umri mdogo hawana budi kuelezwa herufi hizo tatu. East African Airways lilikuwa shirika la ndege la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania. Lilianza safari zake mwaka 1946, enzi za ukoloni, nasi tukalirithi baada ya uhuru. Kuanzia mwaka 1966 shirika hilo lilipokea ndege za Super VC10, zote zikiwa tano, na usajili wao ukagawanywa kati ya nchi tatu. Nakumbuka kaka akinipeleka Embakasi nikiwa mtoto ili nizione tu. Hatukuwa na safari yoyote. Tulisimama kwenye jua, tukala ndizi za kuchoma, tukarudi nyumbani tukiwa tumeridhika kama waliokwenda Ulaya.

Kaka hakuipenda VC10 kwa uzuri wake tu. Aliifundisha. Ndege hiyo iliyotengenezwa na kampuni ya Vickers, na ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1962, ilikusudiwa hasa viwanja kama vyetu. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyembamba, na joto huipunguzia zaidi uzito wake. Mbawa hupata kani ndogo ya kuinua ndege, na injini nazo hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kukimbilia. Wahandisi wa VC10 waliziweka injini zote nne nyuma karibu na mkia, mbawa zikabaki huru kufanya kazi yake bila kuzuiwa, na nguvu za injini zikawa za kutosha kuipandisha upesi. Ndege 54 tu za aina hiyo ndizo zilizotengenezwa. Kaka alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba hiyo ni ndege iliyobuniwa kwa kuifikiria Nairobi, nao walikuwa wakijihisi kana kwamba wao ndio walioiagiza.

Chini ya herufi zile kulikuwa na hesabu. Super VC10 ina urefu wa mita 52 hivi. Kaka alikuwa ameugawanya urefu huo kwa 144 na kupata sentimita 36. Kisha akaandika swali: "Je, ndege tuliyoiunda ina urefu huu? Pimeni. Msiniamini mimi." Hapo chini kulikuwa na majina sita ya wanafunzi, kila mmoja ameandika lake kwa mkono wake. Na katika ukingo wa chini, mbali na maneno mengine yote, kulikuwa na tarehe peke yake bila maelezo: 18 Aprili 1972.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza tarehe ile ilikuwa ya nini. Nikamweleza kwamba siku hiyo Super VC10 moja ya East African Airways ilishindwa kuondoka katika uwanja wa Addis Ababa, ikatoka nje ya njia ya kurukia ikavunjika na kuwaka, na watu 43 wakafa. Nikamweleza pia kwamba miaka mitano baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilivunjika, na shirika lenyewe likafa pamoja nayo. Ndege nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikafanywa ndege za kujazia nyingine mafuta angani katika jeshi la anga la nchi hiyo, na za mwisho kati yake ziliruka hadi mwaka 2013. Kijana alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa: "Na ile waliyoiunda iko wapi, tuipime?"

Haiko. Ndege zote zilizoundwa na wanafunzi wa kaka zilikuwa zimetundikwa kwa nyuzi katika maabara ya shule aliyofundisha. Baada ya yeye kuhamishwa zilishushwa na kutiwa stoo. Miaka kadhaa baadaye stoo ilisafishwa kwa siku moja, na kila kilichoonekana kikuukuu kikachomwa nyuma ya jiko la shule. Sitaitaja shule hiyo, kwa sababu wewe unayesoma huenda unaijua nyingine iliyofanya vivyo hivyo. Maboksi yalinusurika kwa kuwa kaka alikuwa ameyachukua nyumbani kuwekea chaki na karatasi za mitihani. Swali limebaki, jibu limeungua. Hakuna atakayeipima ndege ile kamwe.

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Katika shule zetu tumezidi hapo: hutupa jongoo, mti, na daftari lililoandikwa jongoo alipatikana wapi.

Nilifanya jambo moja zaidi kabla ya kuamua. Miongoni mwa majina sita nilitambua moja. Mwenye jina hilo sasa ni mzee mwenzangu anayeuza vipuri vya magari mjini kwetu, na sikuwahi kujua kwamba alipitia mikononi mwa kaka. Nilimpelekea boksi dukani. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akaweka kidole juu ya jina lake na kukaa kimya kwa muda. Kisha akacheka na kunisahihisha. "Huu uzi si wa mwalimu," alisema. "Boksi lilichanika mikononi mwangu siku ya kwanza. Nililia. Mwalimu akaniambia nilete sindano kutoka nyumbani, nilishone mwenyewe, kwa sababu mhandisi hatupi kitu kilichovunjika kabla ya kujaribu kukitengeneza."

Nikamuuliza iwapo waliipima ndege. Akasema waliipima. Nilipotaka kujua walipata sentimita ngapi, alikuna kichwa, akasema hakumbuki. Anachokumbuka ni uzi.

Hapo ndipo nilipolipata jibu langu, nami nataka kulieleza kwa uwazi, kwa sababu makala ya maoni isiyotoa maoni ni sawa na boksi tupu lisilo na maandishi.

Uchakavu si sababu ya kutupa kitu, wala uzee si sababu ya kukihifadhi. Wanaotupa hukosea kwa kutazama pembe zilizochanika; wanaolimbikiza hukosea kwa kutazama miaka. Kitu cha kutazamwa ni ushahidi. Je, boksi hili linasema jambo ambalo halisemwi na kitu kingine chochote kilichobaki? Likisema, lihifadhiwe hata kama limeliwa na mende. Lisiposema, liende, hata kama lilikuwa la babu.

Msidhani kwamba nimelizua wazo hili. Hata wataalamu wa nyaraka hawahifadhi kila karatasi. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na ambayo makao yake ni lile jengo la iliyokuwa benki katika barabara ya Moi jijini Nairobi, hufanya kazi ya kupembua: kuamua kipi kidumu na kipi kiteketezwe kwa utaratibu, na kuandika uamuzi huo. Katika jengo hilo hilo mnaweza kuuona mkusanyiko wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Alikusanya kazi za sanaa, stempu na maelfu ya vitabu adimu. Stempu ni nini, kama si kijikaratasi kilichokwisha kazi yake siku barua ilipofika? Lakini Murumbi alijua kwamba kitu kikishamaliza kazi ya kwanza huweza kuanza ya pili. Kazi ya kwanza ya boksi ni kubeba plastiki. Kazi yake ya pili ni kubeba habari.

Kwa walimu wenzangu, hususan, jambo hili lina uzito wa pekee. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unawataka watoto waunde vitu kwa mikono yao, na kila mzazi anajua jinsi anavyotumwa katoni na vifuniko vya chupa usiku wa manane. Watoto wanaunda nyumba, magari na ndege. Muhula ukiisha, vyote hutupwa. Ukweli ni kwamba tumekuwa watupaji tangu zamani. Sisi tuliozaliwa mashambani tuliunda magari ya waya yenye usukani mrefu na magurudumu ya mikebe, kazi za uhandisi ambazo mtoto wa Uingereza mwenye seti yake hakuzithubutu, kwa kuwa yeye alipewa maelezo na sisi hatukupewa. Magari yale hayakuwa na boksi. Hayakuwa na picha, jina la aliyeyaunda, wala tarehe. Kwa hiyo leo mtu anaweza kuandika historia ndefu ya seti za plastiki za London, mwaka kwa mwaka, lakini gari la waya la kijiji chetu limebaki katika vichwa vya wazee tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Simaanishi kwamba kila shule igeuzwe makumbusho. Namaanisha kwamba kabla ya moto kuwashwa, mtu mmoja akae chini na kusoma. Mwanafunzi mwenye simu, au mwalimu mwenye kamera, apige picha ya kila boksi, nje na ndani, akiweka rula kando yake ili kipimo kionekane. Aandike katika daftari limetoka wapi, lilikuwa la nani na nani alilitumia. Baada ya hapo, yale yasiyo na neno la pekee yanaweza kwenda bila hasara.

Yanayobaki yatunzwe kwa akili. Yasiwekwe sakafuni, kwani mchwa na unyevu huanzia huko. Wala juu ya dari chini ya mabati, kwani joto la mchana huikausha kadibodi hadi ikavunjika kama biskuti. Yasiwekwe penye jua, maana rangi hupauka. Yasizibwe kwa utepe wa plastiki wenye gundi; gundi yake hugeuka kahawia, hupenya ndani ya karatasi na haitoki tena. Kipande kilichochanika kishikizwe kwa ukanda mwembamba wa karatasi na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa, ambayo huweza kulainishwa kwa maji siku ya haja. Ndani yajazwe karatasi nyeupe safi ili yasibonyee, na yasijazwe magazeti, hata hili unalolisoma, kwa sababu karatasi ya gazeti ina asidi na huliambukiza boksi unjano wake. Kama ni lazima kuandika jambo jipya, liandikwe kwa penseli.

Kuhusu maboksi 11 ya kaka, uamuzi wangu ulikuwa huu. Yote tuliyapiga picha, mimi na mjukuu, kazi iliyotuchukua alasiri mbili. Manane hayakuwa na kitu ambacho picha haikukichukua. Yaliyokuwa yameoza tukayachoma, na yaliyosalia akayachukua mwalimu wa gredi ya tano jirani yetu, ambaye wanafunzi wake walikuwa wakihitaji kadibodi ngumu. Sikuhuzunika. Kaka angefurahi kwamba yanakatwa na watoto.

Matatu nimeyabakiza. Moja lina orodha ya bei na majina ya maduka aliyonunua rangi, kwa mwandiko wake. Moja lina mchoro wa mwanafunzi asiyejulikana aliyejaribu kuiga picha ya kifuniko na kukaribia kufaulu. La tatu ni lile la VC10 lenye uzi. Nilitaka kubaki nalo kwangu, lakini shemeji alipoelezwa lilivyo na kusomewa majina sita, alisema kwa utulivu kwamba nyumba ya vyumba viwili haikosi mahali pa boksi moja. Amelifunga kwa kitambaa cheupe na kulitia katika sanduku la nguo zake.

Siku alipoondoka, mjukuu alinijia na daftari. Alikuwa ameandika humo yale aliyoyasema mwuza vipuri kuhusu sindano na uzi, pamoja na tarehe aliyoyasema. Aliniuliza kama nilikuwa na jina la mwanafunzi mwingine kati ya wale sita, ambaye huenda akakumbuka kipimo cha ndege. Nilimwambia sina, ila majina yapo, na waliobaki hai hawawezi kuwa mbali sana. Ameanza kuwatafuta.

Kiberiti kiko tele madukani, na hakitatuishia. Walioandika ndani ya vifuniko ndio wanaotuishia. Tuyasome maboksi yetu kwanza.